Kitovu Kwenye Beseni la Shiso

Uchovu ni mchawi, asikudanganye mtu. Noela alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na jioni ile alitoka nje kwa kazi mbili tu: kuanua nepi na kumwagilia miche. Aliishi Mbweni kwenye pagale la tajiri mmoja, nyumba isiyo na madirisha, akiilinda mpaka mwenyewe apate nguvu ya kuimalizia. Mumewe, Gaspar, alikuwa safarini na lori. Ndani binti yao mchanga, Eliaichi, alikuwa analia. Huyo mtoto alikuwa halali na halazi. Giza likianza tu kuingia, kilio, na dawa za tumbo zote alishapewa.

Miche yenyewe ilikuwa ya shiso, jani la Kijapani, zambarau kwa chini, harufu yake kama mrehani uliokutana na mdalasini. Mama wa Kijapani ambaye Noela alimfulia nguo ndiye aliyempa mbegu amwoteshee. Mara ya kwanza Noela alizifukia kama maharage. Wapi! Haikuota hata moja. Yule mama akacheka, akamwonyesha kwa mikono: loweka usiku kucha, nyunyiza juu ya udongo, gandamiza kwa kiganja, usifukie, zinataka mwanga.

Sasa, siku ileile ya kupanda upya, kitovu cha Eliaichi kikadondoka. Kwao Rombo kitovu huzikwa mgombani, ili mtoto awe na kwao. Mgomba autoe wapi, Mbweni hii ya matofali na zege? Na safari ya Rombo hakuwa na nguvu nayo. Akakizika katikati ya beseni la udongo, pamoja na kibanio chake cha plastiki cha hospitali, kisha akanyunyiza mbegu juu.

Zikaota zote. Mche wa katikati ukaipita mingine kwa urefu.

"We Noela!" Jirani yake Bi Munira, mtu wa Pwani hasa, alishika kiuno alipoambiwa. "Kitovu kwenye mti wa harufu? Nyie watu wa bara nyie! Harufu ina wenyewe. Magharibi ikiingia funika beseni lako kwa kanga, na mtu akija kuomba, mwambie aje asubuhi."

Noela alicheka, ila kanga alifunika kila siku. Jioni ile kanga ilikuwa imelowa mkojo wa mtoto, akaiacha.

"Hodi."

Mara moja tu. Hakusikia hatua...

Mwanamke mtu mzima alisimama kando ya beseni, ushungi mweupe kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa jana, njia nzima bado tope. Kandambili zake zilikuwa kavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka."

Hakuuliza. Alisema tu, taratibu, na Noela, maskini, machozi yakamlengalenga, maana tangu ajifungue hakuna aliyemwambia neno hilo.

"Mtoto hanipi usingizi."

"Nipe mche mmoja. Ule wa katikati. Na mizizi yake."

"Si uje asubuhi, mama..."

"Kwani," yule mwanamke alinong'ona, "hutaki kulala?"

Ndani Eliaichi akapandisha kilio, kile cha kutoboa masikio. Noela alitaka kimya. Mungu amsamehe, saa ile alikitaka kimya kuliko kuingia peponi. Akaushika mche kwenye shina, akavuta. Mizizi ikaanza kukatika... mmoja... mmoja...

Kilio kikakatika.

"Haya, lala," alisema mwanamke, akauingiza mche chini ya ushungi.

Noela alijiegemeza kwenye tofali, akafumba macho, akaona raha. Raha kabisa! Alipoyafumbua, mgeni hayupo. Akaanza kulisawazisha shimo kwa vidole, na vidole vikatafuta kile kibanio. Akachimba. Akapekua beseni zima, miche yote ikalala. Hakuna kitovu, hakuna kibanio. Vilikuwa vimeondoka na mizizi.

"Mama yangu!"

Alikimbilia ndani. Eliaichi alikuwa amelala chali, anapumua, macho wazi. Mdomo wake ulinuka shiso.

Halafu kutoka barabarani kikaja kilio. Kilio cha Eliaichi. Mama hakosei sauti ya mwanawe. Noela akambeba yule wa kitandani, akakimbia peku kwenye tope akiita, lakini njia ilikuwa tupu, na kilio kikazidi kwenda mbali, mbali, upande wa baharini.

Hospitali walimpima mtoto, wakasema mzima, tena mtulivu. Gaspar aliporudi alishangilia: "Umemfanyaje, mke wangu? Mtoto wa kizungu kabisa huyu!" Bi Munira alimtazama yule mtoto mara moja, akajifanya amesahau chungu jikoni. Tangu hapo haji.

Siku hizi Noela angeweza kulala akitaka. Mtoto halii, si kwa njaa, si kwa sindano. Ziwa amelikataa, hunywa kwa kikombe. Lakini kila Magharibi, kule mbali, mtoto hulia. Gaspar anasema ni paka. Na Noela, akikisikia kilio hicho, maziwa humtoka yenyewe, yakalowesha gauni mpaka tumboni, huku aliyempakata akimtazama tu.