Filamu Isiyoona Wekundu

Serafina, Mama Davis kwa wateja wake, alikuwa na studio ya picha mtaa wa Nyasubi, na mdomo ambao haukuzoea kusema "nimekosea". Siku hizi kila mtu ana simu, basi yeye akarudisha ya zamani: picha za harusi kwa filamu, nyeusi na nyeupe. Watu wakapenda. Wasichokijua ni kwamba filamu yenyewe aliinunua kama mabaki, kwenye kiwanda cha uchapaji kilichofungwa. Ilitengenezwa kunakili maandishi, si sura za watu. Haioni rangi nyekundu. Ndiyo maana aliisafisha chini ya taa nyekundu na haikuungua. Na ndiyo maana kila kitu chekundu kilitoka cheusi tii: kanga, rangi ya mdomo ya bibi harusi, ua la bwana harusi.

Na macho ya Lusia.

Lusia alikuwa shangazi yake Luka, bwana harusi. Maisha yake yote alipikia mavi makavu ya ng'ombe, moshi ukamla macho yakawa mekundu kama nyanya. Kwenye picha ya ukoo yakawa mashimo mawili. Serafina aliyaona picha ingali kwenye maji ya dawa. Akaianika, akaikabidhi.

Mwaka haujaisha, asubuhi moja jua likiwaka, Luka akaja na ile picha mkononi.

"Shikamoo, Mama Davis."

"Marahaba. Mbona uso kama umelala na njaa?"

Hakucheka. "Mimba ya mke wangu imeharibika tena. Mganga alitaka picha ya ukoo. Kidole kakiweka kwenye macho ya shangazi: eti mchawi." Akashusha sauti. "Niambie kweli. Filamu ndiyo mbovu, au ndivyo alivyo?"

Kwenye benchi walikaa wateja, masikio yamesimama. Neno moja tu lingetosha. Serafina akawatazama wateja.

"Studio hii haina filamu mbovu," alisema. "Filamu inachukua kilichopo."

Wiki haikuisha. Lusia alikutwa jikoni kwake, amekatwa shingo, moto wake bado unafuka. Polisi wakauliza, kijiji kikatazama chini. Serafina alikwenda msibani, akala ugali wa watu, akarudi na neno lake tumboni.

Kikohozi kilianzia kwenye chumba cha kusafishia picha. Kikavu. Cha moshi.

Mchana kweupe, taa nyekundu ikiwaka, alimwona Lusia ameketi kwenye kigoda pembeni, mwekundu mwili mzima. Serafina akazima taa. Akawasha. Yupo.

"Unataka nini?" alinong'ona.

"Nipige upya, mayu, mama yangu. Ile ya kwanza ilinitoa vibaya."

Akaenda kununua filamu nyingine, nayo ya nyeusi na nyeupe, ila inayoona rangi zote. Hiyo haivumilii taa yoyote. Husafishwa gizani, kwa kupapasa. Akakipiga picha kile kigoda, safari hii kitupu kwa macho yake. Akafunga mlango. Akazima taa.

Giza.

Akapapasa bakuli. Akapapasa mkasi. Hakuupata.

Mkasi ukawekwa kiganjani mwake.

"Asante," alisema, kabla hajafikiri.

Picha ilipotoka, Lusia alikuwa ameketi kwenye kigoda. Macho yake yalikuwa macho tu: ya mwanamke mzee, aliyechoka, anayesubiri mtu amalize. Kila kitu kilikuwa cheusi na cheupe kama inavyopasa. Isipokuwa shingoni. Hapo palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu. Hakuna filamu ya aina ile inayotoa wekundu. Serafina alijua kazi yake; hilo alilijua.

Akaenda kwa Luka na picha. Hakuketi.

"Filamu yangu haioni wekundu," alisema. "Ndiyo iliyomtia shangazi yako yale mashimo. Hakuwa mchawi."

"Umejua lini?"

"Tangu siku niliyoisafisha."

Luka aliipokea picha. Akaisogeza kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba juu ya ule mstari, polepole, kama anayefuta vumbi. Kidole kikatoka chekundu. Akakifuta kwenye suruali. Akakisugua ukutani. Akakitemea mate, akasugua tena.

"Haitoki," alinong'ona. Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mama Davis, mbona haitoki?"

Serafina akarudi nyuma hatua moja. Vidole vyake navyo, alivyovisugua usiku kucha, alikuwa amevifunga ndani ya kanga tangu alipopiga hodi.