Programu Mbili za Fomu za Afya

Kila siku baada ya masomo, Kiherehere ndiye aliyetangulia kuingia chumba cha kompyuta. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hakuwa na utulivu. Hata akiketi, mguu wake ulicheza chini ya meza.

Nesi alikuwa anakuja kuwachanja wanafunzi, na wazazi walitakiwa kujaza fomu za afya kwenye kivinjari cha simu. Kompyuta ya shule ndiyo ingekuwa seva, yaani ingezipokea fomu hizo na kuzihifadhi. Kulikuwa na programu mbili za kufanyia kazi hiyo. Moja ilivutia kwa rangi zake. Nyingine haikuwa na madoido, tena kuiweka kwenye kompyuta kulichosha.

"Zijaribu zote mbili," mwalimu wa kompyuta alimwagiza. "Kata mtandao katikati ya kujaza, uone kinachotokea. Kisha uniambie tuchukue ipi."

Kiherehere aliijaribu ile ya rangi kijuujuu. Ya pili hakuigusa. Wenzake walikuwa wanacheza mpira wa pete nje, na akili yake ilikuwa imeshatoka mlangoni.

"Nimezijaribu zote, Mwalimu. Hii ya rangi ndiyo bora."

"Umekata mtandao?"

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu huku akitazama sakafu.

Mwalimu akaanza kuwatumia fomu wazazi wa darasa la kwanza.

Jioni nyumbani, shangazi yake Kiherehere aliweka kando nguo aliyokuwa akiishona, akashika simu kumjazia fomu binti yake wa darasa la kwanza. Mtandao ukakatika. Uliporudi, fomu ilikuwa tupu. Akajaza upya, ikafutika tena.

"Kidude hiki kimenichosha," alisema. "Naandika jina tu, natuma. Habari za pumu na ile dawa inayomvimbisha mtoto, nesi atazijua mwenyewe."

"Atazijuaje, Shangazi?"

"Si ninyi mlioijaribu hiyo kompyuta yenu?"

Kiherehere alikiacha chakula chake. Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Una nini wewe? Umekalia siafu?" shangazi aliuliza.

Asubuhi alimkuta mwalimu akifungua mlango. "Mwalimu, nilikudanganya. Ya pili sikuijaribu, na mtandao sikuukata. Shangazi ametuma jina tu, na mtoto wake kuna dawa inamdhuru."

Mwalimu alivuta kiti. "Keti," alisema. "Tuanze upya."

Kuiweka programu ya pili kulikuwa kazi kweli. Kiherehere alikosea, akarudia, akatamani kuinuka, akajizuia. Kisha alijaza fomu ya majaribio na kukata mtandao. Maneno yalibaki palepale. Mtandao uliporudi, fomu ilifika nzima nzima kwenye seva.

"Tunachukua hii," mwalimu alisema, akamsogezea simu. "Sasa wapigie wazazi waliokwisha kutuma. Waambie ukweli, uwaombe wajaze tena."

Akaanza na shangazi.

Siku ya chanjo, nesi aliisoma fomu ya yule mtoto, akairudisha chupa moja kwenye sanduku na kuchukua nyingine isiyo na ile dawa inayomdhuru. Kiherehere akashusha pumzi.

"Mimi niliamini neno lako, na wazazi wakaamini langu," mwalimu alimwambia. "Kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya. Hilo halitaniudhi. Tutakaa tuifanye pamoja."