Mikanda ya Mgongo Mwingine

Siku ya kupiga dawa, Mama Pacha huwa wa kwanza kuamka. Hufunga kitambaa kichwani, huvaa shati la mikono mirefu, glavu na buti za mpira. Suruali ni ya mumewe, imekunjwa miguuni mara tatu. Pacha wake, wasichana wawili wa darasa la tano, humcheka.

"Mama amekuwa askari!" husema mmoja.

"Askari gani anakanyaga suruali?" hujibu mwenzake.

Mama Pacha huwapigia saluti, kisha huwafukuza waende shule.

Nyuma ya nyumba yao kuna bustani. Upande mmoja ni nyanya, upande mwingine ni kabichi. Chakula cha nyumbani hutoka hapo. Sabuni, viatu na madaftari ya pacha hutoka hapo pia. Bustani ikilala, na nyumba nayo imelala.

Zamani aliyepiga dawa ni mumewe. Majirani walimwita Mlingoti kwa sababu ya urefu wake. Alikuwa mtu wa kujivuna kidogo, lakini kwa utani. Bomba la dawa la mgongoni alilijaza mpaka mdomoni, lita ishirini kamili. "Mimi namaliza bustani kwa matangi matatu tu," alikuwa akisema. "Nani kama mimi?"

Miezi saba iliyopita aliliinua bomba lililojaa kutoka chini, huku amejipinda. Kiuno kikagoma. Daktari akamwambia asibebe kitu kizito. Tangu hapo Mlingoti anashinda dirishani, kwenye kiti cha mbao. Bomba likahamia mgongoni kwa mkewe.

Mama Pacha ni mfupi. Akisimama karibu na mumewe, kichwa chake kinafika kifuani. Lakini mikanda ya bomba ilibaki vilevile. Vibano vyake vilivunjika zamani, naye Mlingoti akaifunga kwa kamba ya nailoni, akayachoma mafundo kwa moto yasifunguke. Yalikuwa mafundo ya kipimo chake. Kwa mkewe, bomba lilining'inia mpaka kwenye makalio. Kila hatua lilimpiga kiunoni. Kamba zilimkata mabegani. Mfuniko nao ulivuja.

Mama Pacha hakusema kitu. Alijikaza kisabuni. Alijaza lita ishirini kama mumewe, na alimaliza kwa matangi matatu kama mumewe. Kila alipokwenda kwenye pipa la maji, alimsikia dirishani akihesabu.

"La kwanza hilo!"

Halafu, "La pili!"

Usiku aligeukia ukutani ili mumewe asimwone akiuma meno.

Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba lililojaa. Alitia mikono kwenye mikanda, akashika nguzo ya kuanikia nguo, akajivuta juu. Dawa ilimwagika kutoka kwenye mfuniko ikamlowesha mgongo.

"Simama hapo hapo, mwanangu!"

Alikuwa ni Fundi Mabegi, mama wa makamo anayeshona mabegi nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuja kurudisha begi la pacha mmoja. Ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki.

"Shikamoo, fundi," alisema Mama Pacha, akihema.

"Marahaba. Geuka kidogo. Hebu nione." Fundi Mabegi alimzunguka polepole. "Hivi wewe unalibeba bomba, au bomba linakubeba wewe?"

"Ni kazi ya muda mfupi tu, mama."

"Kazi gani ya muda mfupi? Mimi dawa za nyanya sizijui. Lakini mgongo naujua. Watoto wananiletea mabegi yaliyokatika, naangalia begi tu najua bega lipi linauma. Mzigo huu umekaa chini mno. Kwa nini hufupishi mikanda?"

Mama Pacha alitazama dirishani. Akashusha sauti. "Mafundo ni yake. Nikiyakata, ni kama nimemwambia kwamba yeye basi, harudi tena bustanini. Siwezi, mama. Ataumia."

Machozi yalimlengalenga. Fundi Mabegi alimwonea huruma, lakini hakunyamaza.

"Na wewe kiuno kikigoma, je? Mtakaa wote wawili dirishani, mkitazama nyanya zikioza?"

Sauti ya Mlingoti ikasikika. "Mama Pacha! Mbona la pili limechelewa leo?"

"Limechelewa kwa sababu linamuua mkeo!" alijibu Fundi Mabegi.

Mlango ulifunguka. Mlingoti alitoka, mkono mmoja ukutani, hatua moja moja.

"Anasema nini huyu?"

"Hakuna kitu, Baba Pacha. Anatania," alisema Mama Pacha.

"Sitanii. Mwanangu, vua mzigo huo kwanza. Ukaoge kwa sabuni, ubadilishe shati. Dawa imekuingia mgongoni. Mengine baadaye."

Mama Pacha alitii. Aliporudi amevaa gauni, mabega yalionekana. Kila bega lilikuwa na mstari mwekundu, mnene kama kidole. Mlingoti aliiona mistari hiyo kwa mara ya kwanza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila siku unahesabu matangi. Nilidhani unaniona najivuta. Wewe ulikuwa unamaliza kwa matatu."

Mlingoti alitikisa kichwa.

"Nilikuwa nahesabu kwa hofu, mke wangu. Nikiona la kwanza limekwisha, nasema moyoni, yamebaki mawili. La pili, nasema limebaki moja. Ukitua la tatu ndipo napumua. Najua lile bomba. Ndilo lililonimaliza mimi."

Walitazamana. Miezi saba walikuwa wakioneana huruma, kila mtu kimya kimya, upande wake.

"Lete kisu," alisema Mlingoti.

Kwanza Mama Pacha alivaa tena suruali, buti na glavu, akavaa shati jingine kavu na kujifunika mgongo kwa nailoni. Alimalizia dawa iliyobaki kwenye kabichi, akisimama kila mara kupumzika. Kisha alilisuuza bomba, na maji yale akayanyunyiza bustanini, mbali na pipa. Bomba lilipokuwa safi, Mlingoti alikata mafundo yake mwenyewe. Yalikuwa magumu. Alisaga meno, na Fundi Mabegi akamtania, akiuliza kama alikuwa amefunga bomba au ng'ombe.

Kisha fundi alitoa futi yake ya kupimia. Alimpima Mama Pacha kutoka begani mpaka kiunoni.

"Sikilizeni," alisema. "Mzigo ukae juu, ugusane na mgongo. Ukining'inia, unakuvuta nyuma, nawe unajikunja mbele. Mikanda iwe mipana, isiwe kamba. Kamba inakata. Mkanda mpana unagawa uzito. Halafu naweka mkanda mwingine wa kiunoni. Nyonga zibebe, mabega yapumzike."

"Ndani unaweka nini?" aliuliza Mlingoti.

"Sponji. Lakini juu nafunika na turubai. Ukiweka kitambaa kitupu kitanywa dawa, na dawa itakaa mgongoni mwake kila siku. Turubai linafutika."

Mlingoti naye alianza kuligeuza bomba mikononi. Aligundua kwamba mpira wa mfuniko ulikuwa umekwisha. Yeye mwenyewe aliwahi kuweka kipande cha mfuko wa plastiki badala yake. "Hapa nilikosea," alisema. "Tununue mpira mpya." Kisha akamtazama mkewe. "Wewe si ni wa shoto?"

"Leo ndiyo umejua? Tuna watoto wawili!"

Fundi Mabegi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mkono wa kupampu unahama," alisema Mlingoti kwa aibu. "Kuna tundu pande zote mbili. Tukiuweka kulia, utapampu kwa kulia, utashika fimbo ya kunyunyizia kwa shoto. Miezi yote hii umekuwa ukinyunyiza kwa mkono usio wako."

Aliizungushia fimbo ile mpira wa ndani wa baiskeli, mahali pa kushika. Chuma kikilowa huteleza, mpira hautelezi.

"Na lita ishirini ni marufuku," alisema Fundi Mabegi. "Weka nusu."

"Na dawa?" aliuliza Mama Pacha. "Si itakuwa kali?"

Mlingoti alichukua chupa, akasoma maandishi yake taratibu. "Wanasema vizibo viwili kwa lita ishirini. Basi kwa lita kumi ni kizibo kimoja. Isizidi, isipungue."

Pacha walipotoka shule walikokota meza kuukuu mpaka katikati ya bustani. Pipa tupu likasogezwa karibu nayo. Bomba lingejazwa juu ya meza. Mama Pacha angegeuka, angetia mikono, angesimama tu. Kupiga magoti basi.

Siku ya tatu mikanda ilikuwa tayari. Walijaribu kwa maji matupu. Mara ya kwanza mkanda wa kiunoni ulibana mno.

"Siwezi kupumua!" alilia Mama Pacha.

"Legeza kidogo. Vidole viwili vipite," alisema fundi.

Akalegeza. Akatembea mpaka mwisho wa tuta, akarudi. Bomba halikumpiga kiunoni. Mfuniko haukuvuja. Alisimama akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena.

Sasa Mama Pacha anapiga matangi sita badala ya matatu. Ajabu ni kwamba anamaliza mapema zaidi, kwa sababu hasimami kila tuta kushika kiuno. Majani yanalowa sawasawa, juu na chini. Mistari ya mabegani imefifia. Mlingoti hakai tena dirishani. Anavaa glavu zake, anakaa kando ya meza, anapima dawa, anakaza mfuniko, na anashikilia bomba wakati mkewe anatia mikono. Mchana huenda kwa Fundi Mabegi kujifunza kushona. Kazi ya kukaa kiuno chake kinaiweza.

Habari zilienea. Wiki iliyopita alikuja huko kwa Fundi Mabegi fundi baiskeli wa mtaa wa pili, mwanamume mwenye kifua kipana. Alikuwa na bomba lake begani.

"Nasikia mnashona mikanda," alisema. "Nipime, bwana. Nataka nzuri."

Mlingoti alichukua futi. Akaizungusha mkononi. Akauliza, "Kwako anayepiga dawa ni nani?"

Mwanamume yule alilitua bomba kwenye meza ya kushonea. "Ni mke wangu. Mimi nashinda gereji."

"Anasemaje kuhusu mgongo wake?"

"Hajasema kitu."

"Na wangu hakusema kitu," alisema Mlingoti. Alikunja futi, akaiweka mfukoni. "Siwezi kukupima wewe, ndugu yangu. Mlete mwenye mgongo."

Fundi baiskeli alitazama chini. Aliliacha bomba pale kwenye meza, akarudi nyumbani kumwita mkewe.