Mlango Usio na Chumba

Mlango uligongwa, na Arlène akasema, "Karibu!"

Alisema bila kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya. Alikuwa ameinama anasugua sakafu, mwanawe Shekinah yuko mgongoni kwenye kitenge, na tangu utoto wake kule Bukavu mlango ukigongwa watu husema karibu, basi. Akangoja mtu aingie. Hakuingia mtu. Akainua kichwa, na tambara likamponyoka, maana mlango wa chumba kile ulikuwa wazi muda wote, ameuzuia mwenyewe kwa ndoo ili sakafu ikauke. Uliogongwa ulikuwa ule mwingine, wa mbao nyeusi, usio na bawaba wala kitasa, ulioegemezwa ukutani nyuma ya maboksi. Mlango ambao nyuma yake hakuna chumba. Nyuma yake kuna tofali.

Mgongoni, Shekinah akacheka na kupunga mkono.

Nyumba ile ilikuwa ya masista wa Kiairishi, pale Observatory, kwenye mteremko unaotazama Johannesburg yote. Ilikuwa baridi ya mwaka 2018. Masista wengine walishakufa, wengine wamerudishwa kwao Ireland, amebaki Sista Ita peke yake na vitu vya miaka mia na ushei: picha za wasichana wa shule na gauni zao nyeupe za komunyo, rozari, lesi zilizofumwa kwa mkono, ramani za kambi ya wachimba dhahabu ambako masista wa kwanza walifundisha chini ya turubai. Vyote vilikuwa vinafungwa vipelekwe Ireland kwenye makavazi ya shirika, vikahifadhiwe. Arlène alifagia na kufunga maboksi, na kwa kazi hiyo walipewa chumba cha uani, yeye na mumewe Ezéchiel aliyekuwa mlinzi huko Braamfontein. Chumba cha bure Joburg! Nani angekiacha?

Alimkuta Sista jikoni na chai yake.

"Sista, ule mlango mweusi umegongwa. Na hakuna mtu."

Sista Ita hata hakushtuka. Wawili hao walizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi ya kwao.

"Eeh, hugonga. Ulijibu Deo gratias?"

"Nini?"

"Kaa, binti yangu." Akamsogezea kiti. "Mlango ule walikuja nao masista wa kwanza, kwenye meli, kipande cha nyumba yao ya kwanza kule Ireland. Walipojenga hapa wakautia kwenye bweni lao. Alfajiri sista mmoja alipita akigonga milango, na aliye ndani alijibu kwa Kilatini, Deo gratias, Mungu ashukuriwe, ijulikane ameamka. Sasa asubuhi moja uligongwa wakati masista wote wako ndani, wanatazamana. Wangefanya nini? Wakajibu kama kawaida. Ukanyamaza. Tangu siku hiyo kila ukigongwa tunamshukuru Mungu, nao unanyamaza. Hata ulipong'olewa, kugonga hakukwisha. Mtu huzoea."

"Mimi sikusema hivyo," Arlène alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilisema karibu."

"Ndiyo nini?"

"Ni kusema ingia. Ingia, jisikie kwako."

Sista Ita aliweka kikombe chini, kikakosa sahani yake, chai ikatambaa mezani wala asiifute.

"Masikini binti yangu. Miaka yote hiyo sisi tulishukuru tu. Hakuna aliyewahi kumwambia aingie."

Ilianza na harufu. Si ya kuni, si ya mkaa wala ya mpira wanaochoma vijana kule Bertrams wakiota moto. Ni harufu ya udongo, udongo unaoungua, na iliingia chumba cha uani ikakaa kwenye mablanketi. Sista aliinusa kwenye nguo za mtoto, macho yakamlenga machozi. Kwao, alisema, vijijini, watu huchimba udongo wa kinamasi wakaukausha na kuuchoma jikoni. Hajauvuta moshi huo tangu ujana. Kisha yakaja maji. Arlène alipiga deki, akageuka, akakuta mchirizi mpana sakafuni, kama gauni refu lililolowa limeburutwa toka ulipo mlango mweusi hadi uani, na mchirizi uliishia kitandani kwao, upande anaolala mtoto.

Shekinah, ambaye hata miaka mitatu hajatimiza, hakuogopa kitu. Alimega biskuti yake, akainyoosha kumpa asiyekuwepo, na mkono ukarudi mtupu. Alipolazwa mchana alijisogeza ukutani kumpisha mtu. Arlène alipapasa ile nafasi, akaikuta baridi na imeloa.

"Tuondoke," alimwambia mumewe. "Twende kwa dada yako Troyeville, hata tulale chini. Leo hii."

"Mama Shekinah, weye unaogopa bure. Kazi je? Chumba je?"

"Mimi naenda na mtoto. Baki na chumba chako."

Akafunga kitenge, akachukua begi, akashuka njia ya kokoto mpaka getini, jua kali la mchana linawaka, magari yanapita, dunia ya Mungu iko palepale kama kawaida, na mguu wake ulipovuka tu reli ya geti akahisi mtoto amekuwa mzito mgongoni, mzito wa gunia, akamwita hakuitika, akamfungua haraka, akamkuta amelegea, midomo imegeuka rangi ya majivu, kifua hakipandi, akapiga kelele ambayo mwenyewe hakuisikia, akarudi nyuma hatua moja tu, ndani ya geti, na Shekinah akavuta pumzi, akafumbua macho, akacheka.

Ezéchiel alikuja mbio. "Umemubana na kitenge! Lete mutoto." Akambeba mikononi, akavuka. Alirudi ndani, akaketi chini kwenye kokoto, mtoto kifuani, yule mwanaume mzima analia. "Eish," alikuwa akisema. "Eish. Eish." Hakusema tena habari ya kazi wala chumba.

Kwa mambo kama hayo Arlène alimfahamu mtu mmoja tu, Mselem, mshona nguo wa Kizanzibari mwenye cherehani yake Bertrams, ambaye watu walimwendea kwa suruali na kwa mambo mengine. Arlène alikuwa mtu wa kanisa, nyumba ya masista nayo ilijaa misalaba kila ukuta. Lakini mtoto akikwama kooni mwa joka humchagui wa kumvuta. Mselem alifika alasiri ya kesho yake, utepe wa kupimia ungali shingoni, akanusa hewa, akakunja uso.

"Mwondoe, baba," Arlène alinong'ona. "Mfukuze tu aende."

"Nimfukuze mimi, kwani mimi ndiye niliyemwalika? Hebu nambie, ulisemaje hasa? Maana Kiswahili chenu nyinyi watu wa Kivu hunitoa jasho mimi, sembuse jini la Ulaya."

"Lile neno moja alilielewa vizuri sana."

Mselem alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "Basi sikiliza. Wewe sasa ndiye mwenyeji. Mwenyeji haondoki nyumbani akamwacha mgeni, ndiyo sababu hutoki getini. Amemshika mtoto kwa kuwa anajua mama hatatoka bila mwanawe. Na mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako hafukuzwi, akifukuzwa huondoka na kitu. Mgeni huagwa. Umlishe, umsindikize mpaka pale alipoingilia, umtakie safari njema."

"Halafu?"

"Halafu unanyamaza. Pana neno tunamalizia nalo tukiaga wageni. Unalijua. Hilo usilitamke. Mimi mwenyewe silitamki humu ndani."

Waliweka kiti cha tatu mezani, chai na mkate. Mselem akatia ubani kwenye makaa, akasoma kwa sauti ya chini, huku Sista Ita kasimama kizingitini na rozari yake, kila mmoja kwa Mungu wake na kwa lugha yake, wala hakuna aliyemzuia mwenzake. Chai ilipoa ghafla, ikaganda utando kama imelala tangu jana.

"Keshashiba," alisema Mselem. "Nyanyuka. Msindikize."

Arlène akamshika Shekinah mkono wa kulia na wakaanza kwenda, toka jikoni, kupita ukumbi wenye picha za masista waliokufa, na pembeni ya mtoto likawa linaburutwa lile gauni lililolowa, shwaa, shwaa, akaamua kutotazama, akatazama, akaona mkono wa kushoto wa mwanawe umeinuliwa juu, umenyooka, vidole vimejikunja, mkono wa mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu, na mtoto anaruka ruka katikati yao kama watoto wanavyoruka wakiwa wameshikwa na watu wawili wanaowapenda, na Arlène akaendelea kwenda kwa sababu kusimama kungekuwa kubaki, akaingia chumba cha maboksi, wale watatu na ubani wao nyuma yake, harufu ya udongo unaoungua mbele yake, mpaka wakafika kwenye ule mlango mweusi.

"Asante kwa kuja," alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Umekula, umepumzika. Nenda salama. Safari njema."

Mkono wa kushoto wa Shekinah ukashuka. Ulishuka wenyewe, ukaning'inia ubavuni, mkono mdogo wa kawaida. Baridi ikatoka chumbani kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Arlène alivuta hewa, ilinuka ubani na vumbi la karatasi, basi, hakuna kingine. Nyuma yake Mselem alipumua kwa nguvu, na Ezéchiel akaanza kucheka na kulia pamoja, "Asante Yesu, asante Yesu," tayari ameokota begi, tayari anaelekea mlangoni.

Shekinah aliutazama mlango mweusi. Akaona wakubwa wote wamenyamaza, hakuna aliyemalizia, na mtoto aliyekuzwa vizuri hujua adabu ya kumuaga mgeni. Akapunga mkono.

"Karibu tena!" alisema.

Mselem alifumba macho.

Sista Ita, aliyewafuata hadi kizingitini, alitabasamu. "Jamani, amesema nini huyu malaika?" aliuliza.

Hakuna aliyemtafsiria. Arlène alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa mwanawe, unavyoinuka tena, taratibu, juu, na vidole vinavyofunguka, vikakunjika juu ya kitu.