Trotineti Iliyopita Ngezi Bila Sauti

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Anastasie alikutwa kando ya barabara ya Ngezi, mguu wa kulia umevunjika, samaki wake wa kukaushwa kutoka Tchomia wametapakaa vumbini. Aliyemgonga alikuwa ametoroka, na majirani hawakusikia mlio wa injini yoyote. Wakakata shauri hapohapo: ni trotineti ya umeme, ubao wa magurudumu mawili unaoendeshwa kwa kusimama, na anayeonekana nayo mtaani ni kijana mmoja tu, Chris wa mtaa wa Bigo.

Inspekta Hortense alimkuta Chris amezungukwa na watu waliotaka kuichoma trotineti yake. Shahidi alikuwepo: Zacharie, mfanyabiashara aliyerudi juzijuzi kutoka Kampala alikoishi miaka mingi. Alikuwa na trotineti za kuuza, lakini zimefungiwa deponi, yaani ghalani mwake, kwa maelezo yake, zikingoja ruhusa ya meya.

"Nilimuona na macho yangu," Zacharie alisema. "Mufunge huyu mutoto mbele hajaua mutu."

Chris alimgeukia inspekta. "Mama Inspekta, kesho niko na Egzetat, mutihani ya kumaliza sekondari. Mukinifunga mu kasho, mwaka yangu inakufa."

Hortense aliikagua trotineti ya Chris: haikuwa na alama ya ajali, ila vumbi jekundu tu. Kisha akamwacha Chris chini ya ulinzi wa askari wake, akaenda hospitali, akamwomba Mama Anastasie aeleze polepole.

"Niliangalia kushoto, sawa na kila siku. Njia ilikuwa wazi. Nikatia muguu moja tu mu barabara, kitu ikanivunja kwa kuume."

Inspekta alimwomba arudie maneno hayo. Kisha akatoka mbiombio.

Mbele ya depo alimweleza Zacharie kwa upole kwamba watu sasa wanaziogopa trotineti; je, hawezi kuwaonyesha kwamba ni salama? Watu wakajaa, Chris na trotineti yake wakiwa kati yao pamoja na askari. Zacharie, mwenye kupenda sifa, akatoa iliyokuwa karibu na mlango, akaondoka kimya kama paka. Alikwenda vizuri, macho ya watu yakimwongoza. Lakini alipogeuka mbali kule na kuongeza mwendo, alirudi ameshika upande wa kushoto. Pikipiki ya teksi ikamkwepa kwa unywele.

"Shika upande yako, weye!" Zacharie alimfokea dereva.

Watu waliguna. Zacharie akatazama alipo, akashuka.

Hortense alikuwa ameshainama. Chini ya ubao wa kukanyagia, magamba ya samaki yalikuwa yamenasa pamoja na vumbi.

"Papa Zacharie, kule Kampala wanashika kushoto. Siye huku tunashika kuume. Mama alikuwa hajaacha ukingo wa barabara. Pale chombo kinatoka kushoto kwake, na kushoto aliangalia. Yenye ilimugonga ilitoka kuume, kwa mutu mwenye mwili yake ingali Kampala. Chris hajavuka Ziwa Albert kwenda kule hata siku moja."

Zacharie alifuta jasho. "Nilitaka kuijaribu tu, mbele watu hawajaamuka. Meya angesikia imevunja mama, angekataza zote. Mali yangu yote iko mule ndani."

"Na mutoto wa watu ulitaka kumutupa mu kasho juu ya mali hiyo."

Askari wakamchukua. Chris aliruka kwa furaha, akapanda trotineti yake tayari kuondoka. Hortense akaushika usukani.

"Hukugonga mutu. Lakini hii haina pleti ya namba, haina taa, na haisikiki ikikuja. Mpaka sheria iseme, barabarani haina nafasi. Shuka."

Chris akashuka. Akaisukuma, akitembea kwa miguu hadi Bigo, akishika kuume, akijisomea kwa sauti masomo ya kesho.