Mjusi wa Kuanzia

"Dada, unafungua banda la chipsi?"

Enesi hakugeuka. Alikuwa amelikumbatia kabati la vioo katikati ya soko la Tunduma, watu wakimsukuma huku na huku, muuza mitumba akimpigia kelele sikio moja, mbadilisha kwacha sikio la pili.

"Sifungui."

"Basi maandazi."

"Ni la mjusi, kaka. Umeridhika?"

Mwanaume yule alicheka mpaka kofia ya sufu ikamdondoka. Alikuwa mrefu, koti lake la jinzi limechakaa viwikoni. Aliitwa Luhaga, mtoto wa wafugaji wa Momba, dereva wa lori lililokwama kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Enesi alikuwa fundi cherehani kutoka Hasamba, na gauni la kitenge cha kijani alilovaa alilishona mwenyewe, likamkaa kama limechorwa mwilini.

"Paka wameisha Tunduma?"

"Mwenye nyumba hataki paka, hataki mbwa. Mjusi hakumtaja." Akalishusha kabati. "Nikirudi jioni, kile chumba kiko kimya mno."

Luhaga akaacha kucheka. "Umechagua yupi?"

"Kinyonga. Anapendeza."

"Utamuua. Kinyonga hataki kushikwa, maji anataka ya matone kwenye majani, akiudhika hali chakula."

"Basi kenge mdogo."

"Kenge hukua, dada. Mwakani yeye ndiye atakufuga wewe."

Enesi akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshangaza.

"Anayeanza anachukua mjusi islamu," Luhaga akaendelea. "Yule mwenye mistari mgongoni, anayeota jua kwenye mawe."

"Mimi Mmoraviani."

"Yeye hajali dhehebu. Ni mgumu, anazoea mkono, anakula panzi na mende. Ukimsahau siku mbili tatu hakununii. Ila usimshike mkia, atakuachia huo mkia mkononi."

Kesho yake alimletea mmoja, aliyemkamata kwenye mawe nyuma ya maegesho ya malori. Wakaweka mchanga pamoja, jiwe bapa, kisosi cha maji na balbu ya kumpa joto. Foleni iliposogea, Luhaga alikuwa ameshakula ugali wa Enesi na kusifia mboga mara mbili.

Mapenzi yao yakawa ya simu. Kila lori lake lilipopita Tunduma, Luhaga alishuka na kitenge au sabuni ya kunukia. Akishavuka alibadilisha laini, na mara nyingine wiki nzima ikapita bila neno. Alipopiga, Enesi alipokea kwa sauti ya asali.

"Umenikumbuka, mrembo?"

"Kidogo tu, usivimbe kichwa."

Simu ikikatika, alikaa kitandani akimsimulia mjusi habari za siku. Mjusi alimtazama kwa jicho moja, kisha akaingia chini ya jiwe. Alikula, akaota joto, akanenepa. Zaidi ya panzi wake, hakuhitaji chochote kwa Enesi, na hilo ndilo lililomuuma.

Siku moja Luhaga akapiga akiwa mbali, Kongo.

"Nataka kuja Hasamba kwa wazee wako."

Mkasi ukamponyoka Enesi. "Unasema kweli, baba?"

"Kweli. Wenzangu wanaachwa kila leo. Wewe nikipotea wiki mbili hununi, hulalamiki. Dereva anayeanza ndoa anataka mwanamke wa hivyo. Kama nilivyokuchagulia yule mjusi!"

Akacheka. Kwake hiyo ilikuwa sifa. Enesi akakata simu, na zote zilizofuata hakuzipokea.

Luhaga alirudi Tunduma na jibu lake kichwani: kuna mwanaume mwingine. Enesi aliliona lori lake, akamfuata kwenye foleni, khanga mabegani kwa baridi.

"Ni nani huyo?" Luhaga akauliza kabla ya salamu.

"Hakuna. Angekuwepo, nisingekuwa nakula peke yangu."

"Sasa nimekukosea nini?"

"Mimi nanuna, Luhaga. Nanuna kila jioni. Nilikuficha."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaenda kutafuta asiyenuna."

Luhaga akashika mlango wa lori. "Unataka nini? Niambie leo hii."

"Mtu wa kula naye. Si lazima kila siku. Lakini mara nyingi kuliko hivi."

Malori ya mbele yakaanza kusogea. Nyuma yao honi zikalia.

"Nikikuahidi nitakudanganya," alisema polepole. "Sijui kazi nyingine. Na hii naipenda."

"Basi asante kwa kutonidanganya." Akaivuta khanga mabegani. "Sogeza gari, watakupita."

Luhaga akaushika mkono wake mpaka dereva wa nyuma akatoa tusi. Kisha akapanda. Enesi alisimama vumbini hadi lori likamezwa na geti la mpaka.

Jioni alipika, na kwa mazoea akasonga ugali wa watu wawili. Aliutazama kwa muda. Akaubeba pamoja na bakuli la dagaa, akabisha hodi mlango wa jirani. Huyo alikuwa Getruda, mpangaji mwenzake; walikuwa wakisalimiana bombani tu.

"Dada, umeshakula?"

"Bado, mwenzangu. Kuna nini?"

"Naomba tule pamoja. Nimechoka kula peke yangu."

Getruda aliyaona macho yake mekundu, asiulize. Akamvutia kigoda.

"Ingia. Mimi siku zote nilidhani wewe hupendi watu."