Mgeni wa Ua la Asali

Shati la Oswald lilianza kunukia asali wiki ileile alipogoma kula samaki wake wa migebuka, na mwanamke yeyote mwenye pua na ndoa angejua la kufanya. Genoveva alilinusa kwapani, akalinusa kolani, akalinusa hadi mfukoni kama ofisa forodha aliyepata fununu.

"Oswald, haya manukato ni ya nani?"

"Ya ua, mke wangu. Ua langu la dirishani."

Ua! Wanaume wamesingizia kikao, wamesingizia pancha, wamesingizia misiba ya watu walio hai. Huyu ndiye wa kwanza kusingizia mmea.

Mmea kweli ulikuwepo. Oswald, mpima ardhi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba, aliukuta Ujiji umetambaa juu ya gofu alilokwenda kupima: maua membamba meupe, yanayogeuka njano yakizeeka, na ukinyonya kitako cha ua unapata tone la asali. Akakata pingili, akazichomeka chini ya dirisha la chumbani, macho mawili ya kuchipulia ndani ya udongo, akamwagilia. Pingili za watu wengine hukaa wiki nzima zikijifikiria. Hizi zilishika palepale, zikapanda nondo za dirisha kabla hata hajazijengea kichanja.

Tangu hapo, kila magharibi, ua lilipofungua harufu yake, Oswald alihamishia kiti pale nje. Kiti kimoja, vikombe viwili vya chai. Genoveva akiwa jikoni alimsikia akicheka chinichini, na nyuma ya kicheko chake kikafuata kingine, chembamba, kama bangili zinazogongana.

Bangili! Akili ikaruka ukuta mpaka kwa jirani, Mwanvua, mtoto wa Ujiji, aliyevaa bangili hadi karibu na kiwiko.

"Shoga, mume wangu umempa nini?"

Mwanvua alicheka hadi akashika mlango. "Mumeo? Yule ufito? Mimi ninaye Mudathir, fundi wa injini za boti, ananuka dizeli na nimeridhika! Halafu mimi mtu wa udi, da Geno. Hiyo asali katafute mzinga wake."

Genoveva akaona haya. Kesho yake jioni akaenda kuomba radhi, mkononi pingili za lile ua zilizokwisha kutoa mizizi, kazipanda ndani ya kopo la maziwa.

"Karibuni, karibuni ndani," Mwanvua alisema, akitazama nyuma ya bega lake. "Mwenzako mbona hapiti?"

"Mwenzangu nani? Niko peke yangu."

"Aa. Niliona kama kanga."

Wakacheka, kopo likapokelewa.

Genoveva akarudi kwake, akapiga hodi kwa mazoea tu, kama mtu apigavyo kwenye nyumba yake mwenyewe akijua mumewe yumo, na kutoka chumbani mwake, kwenye kitanda alichokitandika kwa mikono yake, ikamjibu sauti ya mwanamke, tamu, isiyo na haraka, sauti ya mwenye nyumba: "Karibu, mgeni," naye akasukuma mlango, akamwona Oswald ameketi peke yake kando ya dirisha, ule mtambaa umepenya nondo na kumzunguka mkono kuanzia kidoleni hadi kiwikoni kama hina ya bibi harusi, na midomo yake inang'aa asali.

Bi Kudra, muuza dagaa aliyejulikana pia kwa kuagua, aliitwa usiku uleule, akafika na harufu yake ya dagaa, na kwa mara ya kwanza Genoveva aliibariki harufu hiyo.

"Ulipokata ulisemaje?" Bi Kudra alimuuliza Oswald.

"Nilishukuru tu," Oswald alinong'ona. "Nikasema, asanteni, nasi karibuni kwetu."

"Kwenye gofu?"

"Nimelelewa na adabu, bibi."

"Adabu yako itakuzika! Umemwalika jini wa gofu. Na aliyealikwa ukimfukuza, analipiza. Anakumbushwa tu kwamba ni mgeni." Akalaza jembe jipya kwenye shina. "Mgeni wetu, umekula, umelala. Siku mbili zimepita zamani. Kesho twende shamba."

"Jini atalima?" Genoveva aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wee! Umewahi kuona mgeni anayesubiri jembe? Ataaga mwenyewe."

Asubuhi jembe lilikuwa na udongo mbichi hadi kwenye mpini. Pale penye shina palibaki shimo, hakuna hata mzizi, na juu ya nondo mtambaa umekauka kama ganda la jongoo. Oswald aliomba ugali na migebuka, akala mpaka vichwa. Genoveva alikaa akimtazama anavyotafuna, akilia na kucheka.

"Da Geno." Mwanvua alikuwa ukutani. Hakuwa na kicheko.

"Abee, shoga."

"Mudathir leo kaamka hanuki dizeli."

Kijiko kikamponyoka Genoveva.

"Ananukia asali. Na mtaa huu mwenye asali namjua mmoja tu."

"Mwanvua, sikiliza, lile kopo..."

Mikono yote miwili ya Mwanvua ilikuwa juu ya ukuta, imetulia tuli. Na nyuma yake, ndani ya nyumba, bangili zikagongana.